Mita 60 kutoka wapi?

Futi niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya mita tano, ile ya fundi seremala inayojirudisha yenyewe kwenye kasha lake. Kupima mita 60 kwa futi ya namna hiyo kunataka subira na kunataka mtoto. Mtoto anashika ncha, wewe unavuta, unaweka kipande cha tofali, mnasogea, mnaanza upya. Mjukuu wa shangazi yangu aliishika ncha kwa vidole viwili kama aliyeambiwa ashike mkia wa nyoka, na kila tulipoweka tofali aliuliza, "Tumefika?"

Ilikuwa Desemba 2015, Magomeni Suna, Dar es Salaam, bondeni. Ukutani kwa shangazi kulikuwa na X nyekundu, alama ya nyumba ya kubomolewa, ambayo bado ilinuka rangi. Nyumba ya jirani ilikuwa na X. Choo cha jirani, ambacho kilikuwa mabati matatu na pazia, nacho kilikuwa na X, tena kubwa kuliko ile ya nyumba. Watu walikuwa wamesimama nje wakizitazama kuta zao kama watu waliopotelewa na kitu na hawajui waanze kukitafuta wapi.

Kutoka ukingo wa Mto Msimbazi hadi ukuta wa chumba cha uani nilipata mita 43 na ushee.

"Pima tena, baba," shangazi akasema. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. "Umeanzia pabaya. Anzia kwenye mwembe."

"Mwembe upi, shangazi?"

Akanyoosha kidole. Alikonyoosha hakukuwa na mwembe. Kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na dumu la lita tano lililokuwa likizunguka mahali pamoja likitafuta pa kutokea.

"Ule. Nimenunua hapa mwaka 1986, mwembe ukiwa huku upande wetu. Mto ulikuwa nyuma yake. Kiangazi tulikuwa tunavuka kwa miguu, kanga umeipandisha magotini tu, basi. Nyumba yangu haijasogea hata shubiri. Mto ndio uliohama. Sasa wanasema mimi ndiye niliyeufuata."

Hakuwa anaongopa. Maembe ya mwembe ule nimeyala mimi mwenyewe, na meno yalijaa nyuzi.

Mimi nina duka la stationery palepale Magomeni. Natoa kopi, nachapa barua, najazia watu fomu. Kwa hiyo sheria huwa zinanifikia, japo vipandevipande: kifungu hiki kwa huyu, kifungu kile kwa yule. Juma lile zile X zilipopigwa nilichapa barua nyingi kuliko mwezi mzima uliotangulia, zote zikianza namna moja, "YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA". Mtu wa kwanza alikuja na namba ya kifungu aliyoisikia redioni. Nikaitafuta sheria yenyewe, nikaichapa, nikakaa nayo usiku.

Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, namba 20 ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, ukingo wa mto, au bwawa. Halafu kinampa waziri nafasi ya kutoa mwongozo kuhusu shughuli zitakazofanywa ndani ya hizo mita. Ndiyo hivyo tu. Shangazi aliniomba nimsomee, nikawa namtafsiria papo kwa papo, maana nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiingereza. (Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha mambo, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Siku ile hatukuwa na bahati hiyo.) Nilipomaliza akaniuliza swali ambalo hadi leo sijampata mwanasheria aliyenijibu kwa sentensi moja: "Mita 60 kutoka wapi?"

Kutoka maji ya kiangazi au maji ya masika? Kutoka ukingo wa mwaka huu au ukingo wa mwaka uliojenga? Mto ukila ukingo mita tano kwa mvua moja, je, mstari wa sheria nao unaingia mita tano ndani ya nyumba ya mtu usiku, yeye akiwa amelala?

Nisieleweke vibaya. Mimi si mtetezi wa kujenga mabondeni. Masika nimeshawahi kupita Jangwani maji yakiwa yamelala barabarani toka Magomeni hadi kituo cha Fire, na nikaelewa kwa macho yangu kwamba lile bonde ni ua wa mto. Siku za kawaida mto unakaa chumbani mwake, mwembamba, mchafu, wala huuoni. Siku ya mvua kubwa unatoka uani, na ukikuta umejaza ua wake vyumba vya kupangisha haukuombi radhi. Ukanda wa pembeni ya mto una kazi nyingi. Matete na majani yanayapunguzia maji mbio. Mizizi inashika udongo. Tope linatulia kabla halijafika mbele, na mbele huko, chini ya Daraja la Salenda, kuna mikoko, na kwenye mizizi ya mikoko ndiko vinakokulia vitoto vya samaki na kamba. Nenda saa ya maji kupwa uwaone yangeyange wanavyotembea juu ya lile tope kama wakaguzi. Harufu itakufukuza, lakini wao wamekaa.

Kwa hiyo sheria ina haki ya kuwepo. Ninachogombana nacho ni namba. Mita 60 kwa Bahari ya Hindi, mita 60 kwa Ziwa Victoria, mita 60 kwa mto ambao shangazi aliuvuka na kanga magotini. Mto wa milimani unaokimbilia kwenye mawe na mto wa tambarare unaotanga huku na huko kila miaka kumi, wote kipimo kimoja, kama sare za shule zilizoshonwa bila kuwapima watoto. Kuna mahali Msimbazi ukifurika unakwenda mbali sana kupita mita 60, na aliyejenga mita 70 anazama akiwa halali kabisa. Kuna vijito vya juu ambako hata nusu yake ingetosha kama ingetunzwa kweli.

Na mto wenyewe hauanzii Suna. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ambako msitu wa Pugu na Kazimzumbwi umeliwa na mkaa miaka nenda rudi. Ukishuka kutoka huko unapita kwenye mabati, lami na saruji za jiji zima, ambazo hazinywi hata tone, unapita kwa wachimba mchanga, unazoa kila kilicholegea, halafu unakuja kukitua chini, Jangwani. Ndiyo maana chini ya daraja pale walikuwa wakichota mchanga kwa mashine na baada ya mvua chache mchanga umerudi palepale. Kitanda cha mto kinapanda. Maji yanatafuta pembeni. Mwembe unaondoka. Lakini X ilipigwa chini, alikokuwepo mtu wa kupigiwa.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana sheria ya mazingira niliijua utotoni kabla sijajua inaitwa hivyo.

Sisi tulikuwa tunaishi Tabata, karibu na dampo. Watu wa umri wangu waliokulia Tabata ukiwatajia neno dampo pua zao zinakunjamana zenyewe. Taka za jiji zilikuwa zinaletwa pale na zinachomwa pale. Moshi ulikuwa unaingia kwenye nguo zilizoanikwa, ukienda shuleni Jumatatu unanuka kama umelala jikoni. Nzi walikuwa na adabu zao: asubuhi wanakaa kwenye taka, mchana wanahamia kwetu. Mama alikuwa na kawa tatu. Moja ya wali, moja ya mboga, na moja, nasema kweli, alimfunikia mdogo wangu usoni akilala mchana.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata wakalishtaki jiji Mahakama Kuu. Baba hakuwa kwenye orodha ya waliofungua kesi, ila alikuwa akihudhuria vikao chini ya mti na kurudi na maneno makubwa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kesi ile, ambayo wanafunzi wa sheria wanaiita Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka uleule ambao haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 zilianza kudaiwa mahakamani. Watu wa Tabata walifika na ndoo zao siku ya kwanza bomba lilipofunguliwa.

Walishinda. Septemba 1988 mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka pale na litafute mahali ambapo halitahatarisha afya za watu. Jiji halikuacha. Likarudi mahakamani kuomba muda, likapewa, muda ukaisha, likarudi tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akachoka. Alishangaa, akaandika mshangao wake, kwamba mamlaka ya umma inaweza kusimama mbele ya mahakama kwa kujiamini na kuomba ruhusa ya kuendelea kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akashika ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, akasema hapana. Haikuwa na neno mazingira ibara ile. Jaji aliona tu kwamba mtu anayevuta moshi wa taka usiku na mchana anapunguziwa kuishi, na kwamba hilo linatosha.

Baba siku ile alinunua soda kreti zima. Tulikunywa majirani wote. Mama akiwa anakusanya chupa tupu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Na sasa zinapelekwa wapi?"

Baba hakuwa na jibu. Jibu lilikuja lenyewe: Kunduchi Mtongani. Na watu wa Mtongani nao hawakuwa wajinga. Wakaenda mahakamani, Festo Balegele na wenzake 794, mwaka 1991, wakashinda nao. Taka zikaenda Vingunguti, mtu akisimama pale anaona bonde la Msimbazi. Kisha Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi, ambako ziko hadi leo, mlima wa taka ambao malori yanaupanda kama vile siku zote ulikuwa mlima. Pugu, vilima vilevile ambako mto unaanzia. Mama alifariki kabla ya kusikia jibu hilo la mwisho. Najua angecheka.

Sizidharau kesi zile. Hukumu ya Tabata ni miongoni mwa mambo ya kujivunia katika mahakama za nchi hii, na kila nikipita pale na kuona maghorofa na baa za nyama choma nakumbuka kwamba kuna watu waliovaa mashati yao mazuri wakaenda kuishtaki serikali ya mji wakati ambapo jambo hilo halikuzoeleka. Ila swali la mama ndilo limenikaa. Kila ninapokutana na sheria au amri ya mazingira najikuta nauliza hivyohivyo, na mara nyingi nakuta kwamba uhodari wetu uko kwenye kuhamisha. Tunahamisha taka. Tunahamisha watu. Kile kinachozalisha taka, na kile kinachowashusha watu bondeni, tunakiacha kimekaa palepale.

Chukua mwaka 2011. Tarehe 20 Desemba mvua ilianza na ikagoma kukatika. Watu zaidi ya 40 walikufa Dar es Salaam siku zile. Shangazi alilala usiku mmoja juu ya dari, yeye na watoto wanne, na cherehani. Baada ya maji kushuka, serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini huko kupita Bunju njia panda, wakaanzia kwenye mahema. Shangazi alipata kiwanja. Hapa sitamtetea sana, maana mwenyewe hajitetei: alikaa miezi saba, akauza kiwanja, akarudi Suna, akapiga plasta kuta zake na kuingia ndani.

Nilimgombeza. Akanisikiliza mpaka mwisho, ana heshima hiyo, halafu akasema, "Baba, vitumbua vyangu vinaliwa saa kumi na moja alfajiri na watu wanaowahi Kariakoo. Mabwepande saa kumi na moja alfajiri nimuuzie nani, bundi?"

Sheria haikuwa na kifungu cha vitumbua. Ramani ya mipango miji ilikuwa imeonyesha tangu zamani kwamba bonde lile ni ardhi ya hatari, si ya makazi. Lakini ramani haikumwonyesha muuza vitumbua pa kuishi penye bei anayoiweza na umbali anaoweza kutembea na sinia kichwani. Bondeni ndipo palipobaki. Na alipokaa, serikali ilimkaribisha kwa mkono wa pili. Siku ile ya futi, baada ya kukataa vipimo vyangu, aliingia ndani akatoka na mfuko wa rambo uliofungwa fundo, akaanza kunipangia juu ya ile ndoo: leseni ya makazi. Risiti za kodi ya majengo, tano. Karatasi za umeme. Barua ya serikali ya mtaa ikimtambulisha kwamba ni mkazi halali wa mtaa huu. "Haya yote nilipewa bondeni," akasema. "Kuna aliyekuja kuchukua kodi akasema ah, samahani, hapa ni mtoni?"

Nikachapa barua. Nikaambatisha kopi. Tukazipeleka kwenye ofisi tuliyoelekezwa, wakazigonga mhuri wa kupokelewa, na huo mhuri ndio jibu pekee tulilopata. Kuna majirani waliokimbilia mahakamani, wengine wakapata zuio la muda. Jina la shangazi halikuwemo.

Kijiko, ile mashine ya kubomolea, kilifika Januari. Nilidhani kubomoa nyumba ya miaka 30 kutachukua muda. Kilichukua chini ya nusu saa, na sehemu kubwa ya nusu saa hiyo dereva alikuwa anamsubiri mtu atoe kuku. Vumbi halijatua, vijana wa chuma chakavu walikuwa wameshaanza kuzinyoosha nondo. Shangazi hakulia pale. Alimwomba dereva amwachie fremu ya mlango wa mbele, mninga, na dereva akamtolea kwa uangalifu kabisa, akaiegemeza kwenye nguzo ya umeme.

Ng'ambo ya pili ya bonde, ukiwa umesimama kwenye kifusi kile, ulikuwa unaiona karakana ya mabasi ya mwendokasi. Imejengwa Jangwani, katikati ya ua wa mto, na miaka iliyofuata kila mvua ikizidi picha zilikuwa zilezile: mabasi yamesimama kwenye maji kama viboko. Hatimaye ikabidi nayo itafutiwe pengine. Sijui kama kuna aliyeipigia X. Ninachojua ni kwamba wajumbe wa mtaa walikuwa wakiulizwa swali hilo kila mkutano, na kila mkutano lilikuwa linapokelewa kwa kicheko kile cha watu ambao hawakufurahi.

Na baada ya kubomoa? Hili ndilo linalonikera kuliko kubomoa kwenyewe. Kama nyumba ya shangazi iliondolewa ili mto upate ua wake, basi mto upewe. Pale kwake kifusi kilikaa. Hakuna aliyekuja na mche. Mwaka wa kwanza mtu akapanda mchicha, akaumwagilia maji yaleyale ya mto, na mchicha ule tumeula Magomeni nzima tukijua na tusitake kujua. Mwaka wa pili yakarudi mabati matatu na pazia. Jirani wa choo.

Nikiambiwa nitaje amri moja ya mazingira ambayo niliiona ikifanya kazi, nitataja ya mifuko ya plastiki. Zanzibar walitutangulia kwa miaka mingi; huku bara ilikuwa tarehe 1 Juni 2019. Rambo zikapotea madukani, hata mimi niliyekuwa nampa mteja kopi mbili ndani ya rambo nikaacha. Kweli, zikaja zile laini zisizo na mshikio, zilizoruhusiwa kufungashia bidhaa, watu wakazigeuza mfuko wa kubebea nyanya, na ikabidi zifuatiliwe nazo. Kweli, chupa za maji bado zinaelea. Lakini ukisimama darajani leo bila kulinganisha na zamani, utajidanganya. Matawi ya mikoko yalikuwa yanapepea rambo nyeusi na bluu kama bendera za chama kisicho na sera. Tofauti yake ni kwamba amri ile ilikwenda kiwandani, bandarini na kaunta. Haikwenda mtoni kumpiga faini aliyeoteshewa rambo mlangoni.

Sasa sikiliza mwisho wa habari ya Suna. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi: kuuchimba mto, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuwahamisha watu na kuligeuza bonde la chini liwe bustani ya jiji. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kuichapia mtu kopi. Unaanza na maji yanakokwenda, ndipo uje kwa nani kakaa wapi. Na mikopo ya namna hiyo inakuja na masharti yake: anayehamishwa analipwa, hata kama hakuwa na hati. Wathamini wakapita, wakapiga picha, wakaandika namba kwenye milango. Namba, safari hii. Fidia zikatoka.

Jirani wa choo cha mabati matatu akalipwa.

Shangazi, ambaye kijiko kilipofika alikuwa ameshatoa vitu vyake vyote nje na kufagia, hakuwa na mlango wa kuandikiwa namba. Mlango anao, ila uko Kivule, umetiwa kwenye chumba alichojengewa na binti yake, uani. "Kumbe nilikosea kutii," aliniambia, akiwa anakoroga unga. Bonde moja, mto mmoja, kifungu cha 57 kilekile. Mwaka 2016 alikuwa mvamizi. Wenzake miaka michache baadaye wakawa waathirika wa mradi. Nimejaribu kumweleza tofauti kisheria, na ninaijua, nimeichapa mara nyingi. Kila nikiieleza inapungua.

Mwaka jana yule jirani akanipigia simu. Amenunua kiwanja, Kivule hukohuko, dakika kumi kutoka kwa shangazi. Anataka kuchimba msingi, na kwa kuwa mimi ndiye nijuaye mambo ya mita, nije nimpimie. Siku hizi nina futi ya mita 50, ya kitambaa, ya mafundi wa barabara. Nikaenda Jumapili, nikampitia shangazi, na yule mjukuu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na sauti imekuwa nzito.

Kiwanja ni kizuri. Kina udongo mwekundu na mwinuko kidogo, na chini yake kuna mto. Si Msimbazi, huu ni Mzinga, lakini Kivule nzima wanaujua, kuna nyumba zimebaki nusu upande ule kwa sababu nusu nyingine imeondoka na ukingo. Aliyemuuzia alimwambia kwamba hapa maji hayafiki. Mjukuu akashika ncha ukingoni, mimi nikavuta. Mita 50, tofali, mita kumi tena. Kigingi cha 60 kiliangukia katikati ya sebule iliyochorwa kwa chokaa.

Jirani alinyamaza. Mimi nikaanza kumwambia kuhusu Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwamba aende aulize kabla hajamwaga zege, kwamba wana vigingi vyao, kwamba mstari wa kweli hauko kwenye futi yangu. Nikageuka kumwita shangazi anisaidie kumshawishi, hayupo. Alikuwa ameshuka hadi chini kabisa, amesimama kivulini, mkono ameushika kiunoni.

Kulikuwa na mwembe pale. Mkubwa, wa kienyeji, wa zile embe zenye nyuzi. Shina lilikuwa upande wetu.

"Pimeni hapa," akasema. "Kutoka kwenye mti hadi kwenye maji."

Tukapima. Akamwambia mjukuu arudie, akarudia.

"Andika, baba. Na tarehe uweke."

Sikuwa na daftari. Nilikuwa na kitabu cha risiti za dukani, nikageuza moja nyuma, nikaandika: mwembe hadi maji, mita 11 na nusu. Nikaweka tarehe. Shangazi akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la kanga.